Siku Nilipomkimbiza Mgiriki Hewani

Nianze kwa kuwataja waliokuwepo, maana aibu isiyo na mashahidi ni kama ndoto tu, na hii yangu ilikuwa na mashahidi kutoka Koboko mpaka Aru. Ndani ya chumba cha redio tulikuwa watano. Alikuwepo Taban, mtoto wa wifi yangu, ambaye jeshini kazi yake ilikuwa kupokea na kutuma maneno kwa redio, na serikali ilipoanguka akabaki na kazi ile ile bila jeshi. Alikuwepo mama yake, Asina, dada wa marehemu mume wangu, mwanamke ambaye hajawahi kuona mtu kajikwaa asimwongezee teke. Alikuwepo Mwalimu Salome Candiru, mzaliwa wa Mvara kule Arua, aliyekuja Koboko kufundisha darasa la nne akapanga chumba kwangu. Alikuwepo Bwana Drani wa tumbaku, aliyekuja kuuliza kama lori lake limevuka Vurra, akajibiwa kwamba limevuka, na bado hakuondoka. Na mimi, Zaina Kiden, mama Rukia, nimeshika maiki kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kunyang'anywa.

Hewani alikuwepo Papa Anselemi, katekista wa Aru, upande wa Kongo, ambako mzee huitwa Papa. Huyu si ndugu yangu wa damu, lakini tulipokimbia mwaka wa sabini na tisa ndiye aliyetupa kipande cha shamba lake tulime muhogo, kwa hiyo ni zaidi ya ndugu, na mtu wa namna hiyo ndiye niliyeamua kumwita mwongo mbele ya watu.

Ninyi vijana mna simu, kwa hiyo nieleze kidogo. Miaka ile ya tisini mwanzoni sisi tulikuwa na redio kol (Wakongo wanaiita fonia), sanduku la chuma, betri ya lori, na waya mrefu uliofungwa juu ya paa mpaka kwenye mti wa jirani. Ukibonyeza batani ya maiki unasema, na kila mwenye redio anasikia, wa Arua, wa Vurra, wa Ariwara, wote. Ukimaliza unasema ova, ukiachia, unasikia wewe. Lakini ukiwa bado umebonyeza hakuna mwingine anayeweza kukuingilia, hata akipiga kelele namna gani. Kumbukeni hiyo batani, ndiyo iliyonimaliza.

Sasa Mgiriki. Mume wangu, Juma Lomoro, alikuwa mpishi kwenye seminari ya mapadri, Mwislamu peke yake jikoni, na dirisha la jiko lilikuwa limeelekeana na darasa la filosofia. Basi wale vijana walisoma filosofia kwa miaka miwili wakaenda zao, Juma akaisoma kwa miaka kumi na moja akiosha vikombe. Katika wote aliowasikia alimpenda mmoja, mzee wa zamani sana wa Ugiriki, ambaye jina lake lilikuwa na sauti za nyoka ndani yake na Juma hakuweza kulitamka bila kurusha mate, kwa hiyo akamwita Mgiriki tu. Huyo Mgiriki hakuandika kitu. Alitembea sokoni akiuliza watu maswali mpaka wakubwa wakachoka, wakamfunga, wakamwambia anywe kikombe cha sumu.

Na hapa ndipo penyewe. Juma alinifundisha kwamba Mgiriki hakunywa. Marafiki zake walikuja wakamfungulia mlango, akaweka kikombe juu ya kigoda, kimejaa vile vile, akavuka mpaka akaenda kukaa nchi ya watu, akazeeka huko.

Lazima niseme kwa nini hadithi hii ilikuwa mali yangu. Tulipokimbia, mama yangu Poni alikataa kuja. Tulikuwa tumeshabeba mtoto, sufuria na mkeka, risasi zinasikika upande wa barabara kubwa, yeye akachukua ufagio akaanza kufagia uwanja. Nikamwambia, "Yaye, twende!" Akasema, "Nendeni. Mimi kuku wangu nani atawafungulia asubuhi?" Nikamwacha. Nisiseme tulimwacha, maana Juma alitaka kumbeba mgongoni na mimi ndiye niliyesema hatutafika. Tuliporudi baada ya miaka, nyumba haikuwepo, lilikuwepo kaburi nyuma ya palipokuwa jiko, mawe yamepangwa vizuri sana, na mpaka leo sijui ni mikono ya nani iliyoyapanga.

Kwa hiyo mwenzenu nilikuwa naishi kwa Mgiriki. Kama mwenye hekima kuliko watu wote alikimbia, basi kukimbia si ubaya, na Zaina Kiden ni mtu kama watu. Juma alipofariki (miaka miwili baada ya kurudi, tumbo) niliendelea kumsimulia Mgiriki kwa yeyote aliyekaa karibu.

Jumamosi moja mchana wafanyabiashara walikuwa wamemaliza kuulizana habari za malori, na Taban aliruhusu watu wasalimiane, ndiyo ilikuwa desturi. Papa Anselemi akatoa tangazo la msiba. Mzee mmoja wa Aru ameangukiwa na nyumba yake kwenye mvua baada ya kukataa kuhama, na Papa kwa kumsifu akasema, "Alifanya kama ile Mugiriki ya Juma. Walimufungulia mulango, akasema hapana. Akakunywa sumu yake akiwa amekaa. Ova."

Nilikuwa nimepita tu kumletea Taban chai. Nikaweka kikombe chini nikachukua maiki.

"Papa Anselemi, Koboko hapa, ni Mama Rukia. Mgiriki hapana kunywa. Mgiriki alikimbia. Ova."

Halafu, "Mama Rukia, habari ya siku nyingi. Yeye alikunywa. Ova."

"Alivuka mpaka. Ova."

"Mama, mimi nilisoma seminari miaka mbili. Alikunywa mpaka miguu ikakuwa baridi. Ova."

"Wewe ulisoma miaka miwili, Juma alisikia miaka kumi na moja! Ova!"

Ningeweka maiki chini hapo tungemaliza kwa salamu. Lakini redio ni mahali pabaya, wasiohusika ndio wanaohusika zaidi. Dereva mmoja pale Vurra akaingia kuniunga mkono (alisema hakuna mtu mwenye akili atakayekunywa sumu kama mlango uko wazi). Wa Ariwara wakamwunga Papa. Na karani mmoja wa Arua, wa ofisi ya kule mtaa wa Hill, ambaye sikupata kumwona uso, akaanza ule mchezo wake wa kusema, "Arua hapa. Mama, kusema si ushahidi. Imeandikwa wapi? Ova."

Jumamosi mbili zilizofuata ilikuwa hiyo tu. Mimi nasema, Papa anajibu, na huyo karani anakohoa kwanza halafu, "Imeandikwa wapi?" Watu wakawa wanakuja kusimama nje ya dirisha la Taban na vikapu vyao. Papa akaniuliza, "Na kikombe je? Kilikwenda wapi?" Nikajibu, "Kilibaki kwenye kigoda, nzi wakaanguka ndani!" Watu wakapiga makofi, nami (Mungu anisamehe) nikaonja utamu wa kupigiwa makofi, na katika utamu huo nikasema lile neno dogo.

"Imeandikwa! Juma ameiandika kwa mkono wake kwenye daftari, na daftari iko kwangu nyumbani. Jumamosi ijayo itasomwa hapa hapa. Ova na mwisho!"

Daftari lilikuwepo kweli. Lilikuwa kwenye kisanduku, limefungwa kwa kilemba chake, na Juma aliandika humo tangu siku za seminari mpaka kambini kule Kongo tulikokimbilia. Lakini mimi sikujua kusoma. Shuleni nilikaa miezi mitatu, nikajifunza kusimama mwalimu akiingia. Juma alilijua hilo, na juu ya kila ukurasa alichora kitu ili nami nijue habari zake, kuku kwa habari za kuku, sufuria kwa mapishi ya mapadri. Ukurasa wa Mgiriki ulikuwa na kikombe. Nilikuwa nimeutazama mara nyingi sana, nikiufuata kwa kidole, na kwa kuwa nilijua kilichosemwa nikaamini najua kilichoandikwa.

Ijumaa jioni Mwalimu Salome alinikuta nimeweka unyoya wa kuku kwenye ule ukurasa.

"Mama, nipe niusome kwanza mara moja," akasema. "Mwandiko wa mtu unahitaji kuzoewa."

"Hapana. Ushahidi ukishaonjwa si ushahidi. Watasema tumeupika."

"Hakuna atakayejua, Mama."

"Mimi nitajua."

Ona kiburi hicho kilivyovaa nguo za uaminifu. Akanitakia usiku mwema tu. Alikuwa msichana mwenye adabu.

Jumamosi nikavaa gomesi yangu ya Idi. Nilipofika nje ya redio palikuwa na watu kama siku ya mnada, na Asina amekaa kwenye benchi ya ndani, mahali pazuri kuliko pote, anakula karanga.

"Wifi umependeza," akasema. "Unaolewa na Mgiriki?"

Taban akaita. "Aru, Aru, Koboko hapa, unanipata?"

"Nakupata tano kwa tano, safi. Mama Rukia iko?"

"Niko," nikasema, "na daftari iko, na mwalimu wa serikali iko, yeye atasoma. Na wewe Papa nakujua, utaingilia katikati. Kwa hiyo leo mimi nashika batani mpaka mwisho, hutapata nafasi. Nikiachia ni kwamba tumemaliza."

Nikabonyeza. Nikasogeza maiki kwenye mdomo wa Salome, naye akafungua kwenye unyoya, akasafisha koo, akasoma kwa ile sauti yake ya darasani, pole pole na kwa herufi zote:

"Mgiriki. Padri amesema hakukimbia."

Akanitazama.

"Endelea," nikasema. (Hiyo nayo ilisikika mpaka Aru.)

"Mama, tuachie hapa kwanza."

"Soma! Ni mwanzo tu, anaeleza kwanza maneno ya padri halafu atampinga. Namjua Juma."

Akasoma. "Marafiki walimfungulia mlango akasema hapana. Akanywa. Nimeisikia mara tatu nikiosha vikombe na mara zote tatu hakukimbia."

Nje dirishani mtu akacheka. Taban akaninong'oneza, "Mama, achia batani." Mimi kidole kilikuwa kimekaza, si kwa ujasiri tena, ni kwamba nilijua nikiachia tu nitasikia sauti ya Papa Anselemi, na sikutaka kuisikia. Kwa hiyo nikabonyeza zaidi.

"Achia, Zaina!" Asina akasema. "Hiyo si titi ya mbuzi!"

"Iko mengine chini?" nikamwuliza Salome.

"Iko. Wino mwingine. Mama, hii ni ya nyumbani."

"Soma."

Basi akasoma, na sauti ya darasani ilikuwa imemwisha, alisoma kama mtu anayemwambia mtu mmoja. Nimeyashika maneno haya kwa moyo kabla ya kuyashika kwa macho, na nayaandika kama yalivyo.

"Hapa kambini leo ni siku ya nne Zaina hajala. Anasema yeye ni mtu wa kumwacha mama. Nimekosa la kumwambia nikamwambia Mgiriki alikimbia. Nimesema aliacha kikombe kwenye kigoda akavuka. Akaniuliza kama alifika. Nikasema kesho nitakwambia. Amekula muhogo nusu. Kesho nikimwambia amefika salama pengine atamaliza. Mgiriki unisamehe. Wewe umeshakufa, yeye bado."

Hakuna aliyecheka tena. Bwana Drani wa tumbaku alivua kofia, sijui kwa nini, hapakuwa na maiti. Na mimi bado nimebonyeza. Nikalia nimebonyeza. Nililia kilio kile cha mdomo wazi ambacho mwanamke hulilia ndani ya nyumba yake mlango umefungwa, nikamtaja mama yangu kwa jina, nikamwambia Juma mwongo wewe, mwongo wewe, ulinidanganya miaka yote hiyo na muhogo mkononi, na kamasi zinanishuka juu ya gomesi ya Idi, na yote hayo yalipita kwenye ule waya juu ya paa yakaenda Arua, yakaenda Vurra, yakaenda Ariwara mpaka Aru, na watu kule (nimeambiwa baadaye) walikaa wanatazama sanduku la chuma linalia kwa sauti ya mwanamke, na hakuna aliyeweza kulinyamazisha.

Asina ndiye aliyenifungua vidole, kimoja kimoja, kama unavyomfungua mtoto aliyelala na sarafu. Uso wake ulikuwa umelowa. "Kaka yangu mwongo," akasema, "mimi nilimjua tangu utoto," akavua leso yake akanifunika kichwa.

Redio ikakoroma peke yake. Kisha ikasikika sauti ndogo, "Arua hapa." Karani akakohoa. "Ushahidi nimepokea. Ova." Na tangu siku hiyo sikumsikia tena akimwuliza mtu imeandikwa wapi.

Halafu Papa Anselemi. Nilijua anakuja. Nilijifunika vizuri zaidi ndani ya leso.

"Mama Rukia. Mimi nimeshinda, lakini hii kushinda iko mubaya sana. Mimi nauliza kitu moja tu. Ile muhogo, ilikuwa ya shamba yangu?"

Taban akanisogezea maiki, akabonyeza yeye mwenyewe.

"Ya shamba lako, Papa."

"Na kesho yake, ulimaliza? Ova."

"Nilimaliza. Ova."

"Basi," akasema. "Aru hapa, mwisho."

Msidhani watu waliniheshimu baada ya hapo. Sokoni Koboko nilikuwa na jina jipya. Nikichagua nyanya, mwuzaji anasema, "Mama Mgiriki, hizi umalize zote, usiache nusu." Watoto wakinywa maji walikuwa wanaweka kikombe chini wanakimbia. Miezi mingi sikupita mbele ya redio ya Taban, nilizungukia kwa wachoma nyama. Lakini kilichoniuma hakikuwa kicheko. Nilikuwa nimekaa miaka yote nyuma ya Mgiriki kama mtu aliyekaa nyuma ya ukuta, na sasa ukuta hamna, iko mimi tu na mama yangu na ufagio wake.

Nikaenda kwa Salome nikamwambia anifundishe. Akacheka, akaona sicheki, akaleta chaki. Tulitumia mlango wa jiko. Sikumwambia kwamba nilitaka kufika kwenye ukurasa mmoja tu, lakini alijua, na baada ya mvua mbili nilifika, peke yangu, mchana, nikiwa nimekaa kwenye mkeka. Nilipofika kwenye "yeye bado" nikaona kitu ambacho Salome hakukisoma hewani, kwa kuwa si maneno. Chini kabisa Juma alikuwa amechora kikombe cha pili, kidogo, na hicho kimepinduliwa, kitupu. Nimekigeuza mara nyingi kichwani. Nadhani aliona kwamba yule Mgiriki lazima anywe, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, na kwamba mimi lazima nile, na hakuona ubaya kuweka yote mawili kwenye ukurasa mmoja.

Kisha vita vikaingia upande wa kwao, upande wa Kongo, na safari hii wao ndio waliovuka. Kila siku watu walipita na magodoro vichwani. Asubuhi moja nilikuwa nafagia uwanja, nikainua macho, nikaona mzee amesimama kwenye uzio, viatu vimeshika tope jekundu, hana mzigo isipokuwa kigoda cha miguu mitatu juu ya kichwa. Ilikuwa zaidi ya miaka kumi sijamwona kwa macho, lakini alipofungua mdomo nilimjua kwa ile sauti ya redio.

"Mama Rukia," akasema, "mimi nilifungua mulango. Mimi nilikimbia. Nimewaacha wengine kule." Akashusha kigoda chini. "Ile Mugiriki yako, alifika?"

Niliweka ufagio chini.

"Alifika, Papa," nikasema. "Alifika zamani, salama kabisa. Ingia ule."

Akala muhogo nusu. Kesho yake akamaliza.

Nimeapa kwamba sitapeleka tena mbele ya watu karatasi ambayo sijaisoma mwenyewe, na batani yoyote nikibonyeza, naachia. Na ninyi mliokuwepo, kama nimekosea mahali mnisahihishe, pengine Bwana Drani hakuvua kofia, pengine gomesi haikuwa ya Idi, pengine karani alikuwa wa Mvara na si wa Hill, leteni nitarekebisha, sasa najua kuandika. Lakini habari ya Mgiriki, kama alikunywa au alivuka, hiyo mniachie.